Jinsi ya Kuchora Mlima Hata Kama Mkono Haukutii

Sogea karibu, ndugu yangu, tuzungumze kwa sauti ya chini. Unataka picha ya mlima, miti na anga, uliyoichora mwenyewe, itundikwe sebuleni, na mgeni akiingia asimame kwanza kabla hajakaa. Hujasomea uchoraji. Ukishika penseli, vidole vinakwenda vinakotaka. Usijali. Umechagua vizuri, kwa sababu hakuna picha inayosamehe makosa kuliko ya mlima. Ukikosea pua ya mtu kwa unene wa uzi, mama yake atakuambia huyo si mwanangu. Ukikosea mti kwa tawi zima, hakuna ndugu wa mti atakayekuja kulalamika.

Nitakupa njia za mkato tu, na sizionei haya hata moja, maana waliozitumia kabla yako ni mafundi ambao picha zao leo zinalindwa na askari. Zote zimejengwa juu ya jambo moja: jicho la mtazamaji linapenda kufanya kazi. Likipewa nusu ya mti litaumalizia lenyewe, na likishaumalizia litaapa kwamba limeuona mzima. Wewe lipe nusu.

Mfano wetu utakuwa milima ya Uluguru ikitazamwa kutoka mjini Morogoro. Imesimama nyuma ya mji hapo hapo, kilele cha Lupanga kimepita mita 2,100, chini kuna mashamba, juu kuna msitu, na juu ya msitu kuna wingu lisilochelewa kufika. Mlima wenye kila kitu humpunguzia mchoraji kazi ya kubuni. Kama wa kwenu ni Usambara, Taita au Rwenzori, badilisha jina tu.

1. Upe mlima mgongo

Usibebe meza na rangi kwenda kukaa juani. Piga picha kwa simu, urudi nyumbani. Ila chagua saa. Saa sita mchana jua liko utosini, vivuli vimejificha, na mlima unaonekana bapa. Saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni jua linapiga ubavuni, kila bonde linajaa kivuli, na nusu ya kazi yako imekwisha kufanyika.

Mtu akikuambia kwamba kuchora kutoka kwenye simu ni udanganyifu, mpe historia. Katika karne ya 18 watalii wa Uingereza waliokwenda kutazama milima walibeba kioo cheusi kilichobinuka, kilichopewa jina la Claude Lorrain, mchoraji Mfaransa aliyesifika kwa mandhari. Walifika mahali, wakaupa mlima mgongo, wakainua kioo na kuutazama humo. Kioo kiliupunguza mlima mzima ukaenea kiganjani, kikafifisha rangi, kikameza vitu vidogo vidogo. Kikabaki kile tu kinachochoreka. Simu yako inafanya kazi hiyo hiyo.

Kisha finya macho ukiitazama picha. Finya kweli, mpaka kope zikaribie kukutana. Majani, nyasi na nyaya za umeme vitapotea, utabaki na maumbo manne au matano: anga, mlima wa mbali, mlima wa karibu, shamba, mti. Hayo ndiyo utakayochora. Mengine hayakuhusu.

Na kama nauli ya Morogoro haipo, ingia jikoni. Thomas Gainsborough, Mwingereza wa karne hiyo hiyo, alijenga vilima vyake mezani kwa mawe, majani makavu na vipande vya kioo, akavichora akiwa amekaa kitini. Inasimuliwa kwamba hata brokoli zilisimama pale badala ya miti. Wewe fungu la mchicha na jiwe la kusugulia miguu vinakutosha, taa ikiwekwa upande mmoja.

2. Nunua kidogo

Duka la vifaa vya wachoraji litakuvunja moyo na mfuko. Nenda duka la vifaa vya ujenzi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alichora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na mtindo aliouacha unaitwa kwa jina lake mpaka leo duniani kote. Hadibodi haikumpunguzia kitu. Kata kipande, piga msasa upande ulio laini, paka rangi nyeupe ya maji mara mbili, acha ikauke.

Rangi ni hizi: bluu, njano, nyekundu, nyeupe nyingi, nyeusi kidogo. Ukipata za akriliki ni bora kwa anayeanza, zinakauka upesi na brashi inaoshwa kwa maji. Ongeza brashi pana ya inchi mbili, brashi moja ndogo, sponji ya kuoshea vyombo, na kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake. Brashi ndogo ifiche mpaka mwisho. Mtu mwenye brashi ndogo mkononi huanza kuhesabu majani, na akianza kuhesabu majani hatatoka huko.

3. Inua kilele

Usiweke mstari wa ardhi na anga katikati ya ubao. Picha iliyokatwa nusu kwa nusu inaliacha jicho halijui likae wapi. Gawa ubao sehemu tatu kutoka juu hadi chini, kisha amua: ama anga lichukue moja na ardhi mbili, ama kinyume chake.

Kuhamisha umbo la mlima ni kazi ya rula. Chapisha picha yako ya simu, piga miraba juu yake, piga idadi ile ile ya miraba mikubwa kwenye ubao, kisha nakili mraba baada ya mraba. Anayeweza kunakili mstari mmoja ndani ya kisanduku kimoja anaweza kunakili Uluguru yote.

Ukimaliza, inua kilele. Usiogope, kivute juu. Mlima halisi umelala zaidi ya unavyoukumbuka. Kilimanjaro una mita 5,895, lakini kitako chake kimeenea makumi ya kilomita, kwa hiyo ukiuchora kwa vipimo vyake vya kweli utapata kitu kipana kilichojinyoosha kupumzika. Tazama picha za Kilimanjaro zinazouzwa kwa watalii: wachoraji wameubana mbavu ukasimama. Mchoraji Hokusai wa Japani alifanya vivyo hivyo kwa Fuji katika michoro yake ya miaka ya 1830. Aliuchora wenye mteremko mkali kuliko ulivyo. Alitangaza mitazamo 36 ya mlima huo, watu wakaipenda, akaongeza mingine 10. Mtu haukumbuki mlima wa kwao kwa mita. Anaukumbuka kwa jinsi ulivyomzidi alipokuwa mtoto. Mchoree huo.

4. Anga kwanza

Anza na anga kwa sababu liko nyuma ya kila kitu, na utakachoharibu huko chini mlima utakifunika.

Anayeanza hupaka bluu moja kutoka juu mpaka chini. Toka nje utazame. Utosini bluu imekolea. Ikishuka kuelekea mlimani inapauka. Karibu na ardhi ni nyeupe yenye kumbukumbu ya bluu tu. Basi anza juu na bluu yenye nyeupe kidogo, na kila ukishuka ongeza nyeupe. Ukikaribia mlima, tia tone la njano, na kama ni jioni tia na tone la nyekundu. Brashi pana iende kushoto na kulia rangi ikiwa bado mbichi, bila kusimama kufikiri. Kisha weka brashi chini. Anga lililoguswaguswa mno huchakaa.

Mawingu ni ya sponji. Iloweshe, ikamue, ichovye kwenye nyeupe, uguse ubao kwa kuzungusha kiwiko. Upande wa juu wa wingu uwe na mabonge, upande wa chini uwe bapa wenye kijivu. Mawingu ya juu yawe makubwa, ya chini karibu na milima yawe madogo na membamba, maana hayo ndiyo yaliyo mbali. Na mawili yasilingane hata siku moja. John Constable, mchoraji Mwingereza, mwaka 1821 na 1822 alikaa Hampstead, London, akachora mawingu matupu, picha baada ya picha, na nyuma ya nyingi aliandika saa, upepo na hali ya hewa ya siku ile. Kazi hiyo amekwisha kuifanya. Tafuta picha zake mbili tatu, uibe maumbo.

Sasa nikupe zawadi kubwa ya Uluguru. Umeinua kilele cha Lupanga, kimetoka vibaya, kimekuwa na pembe ya paa la banda. Usifute. Chovya sponji, ketisha wingu juu yake. Hakuna mtu wa Morogoro atakayekushuku, kwa kuwa ndivyo mlima ulivyo: upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unakutana na mteremko, unalazimika kupanda, huko juu unapoa, unageuka wingu. Kilele kinashinda kimefunikwa. Umekwepa sehemu ngumu kuliko zote na bado umesema kweli juu ya mahali hapo. Tena mtazamaji, akiwa haoni kilele, atakidhania kirefu kuliko ambavyo ungethubutu kukichora.

5. Bluu ya mbali

Hatua hii isome mara mbili. Ukiifuata hii peke yake na kuharibu nyingine zote, bado utakuwa na picha.

Kati yako na mlima wa mbali kuna hewa nyingi, na hewa hutawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu. Ndiyo maana msitu ule ule ulio kijani ukiwa chini yake unaonekana bluu ukiwa Msamvu, kule mjini, na ukiwa mbali zaidi unakaribia kuungana na anga. Leonardo da Vinci aliyaandika haya miaka 500 iliyopita akiwafundisha wachoraji: cha mbali kipauke, kiwe na bluu, kipoteze kingo.

Kwa hiyo changanya rangi moja tu ya mlima. Bluu, njano kidogo, nyeusi kidogo. Igawe mafungu matatu. La kwanza litie nyeupe nyingi na bluu ya ziada, upake mgongo wa mlima wa nyuma kabisa. La pili litie nyeupe kidogo, upake mgongo wa kati, ukifunika mguu wa ule wa nyuma. La tatu liongezee njano, upake kilima cha mbele. Migongo mitatu ikipishana, kila mmoja umekolea kuliko uliotangulia. Hujachora jiwe wala mti, na tayari mtu anaweza kutembea ndani ya ubao wako kwa nusu siku.

Pale mguu wa mlima mmoja unapokutana na mgongo wa mwingine, pitisha sponji yenye nyeupe hafifu. Huo ni ukungu wa bondeni. Unapendeza, na chini yake kuna mistari isiyokutana ambayo hatutaitaja tena.

6. Mteremko

Mashamba ni viraka. Yachore kwa kadi ya plastiki: chovya ukingo wake kwenye rangi, uburute kufuata mteremko. Viraka vya chini vikubwa, vya juu vidogo. Kijani kibichi, njano ya mahindi yaliyokauka, wekundu wa udongo uliolimwa. Mistari ya matuta iweke michache, na hapa naomba uwe na heshima, kwa sababu mistari hiyo ina kisa. Mwaka 1955 Waluguru waliandamana kupinga kulazimishwa na serikali ya mkoloni kuchimba matuta kwenye milima yao. Ukichora mteremko mzima umepangwa ngazi kwa ngazi kama jengo la ghorofa, mzee wa Matombo, huko huko Uluguru, atajua hujawahi kufika. Weka mashamba yanayofuata mkono wa mkulima, moja huku, jingine kule, na kichaka katikati.

Ongeza njia ya miguu. Chini iwe na upana wa kidole, ikipanda izidi kuwa nyembamba, ipinde mara mbili, kisha ipotelee nyuma ya kilima. Njia inafanya kazi kuliko kitu chochote kwenye picha, kwa kuwa jicho haliwezi kuiona njia likakataa kuifuata. Nukta tatu za nyeupe zenye kijivu kando yake ni mapaa ya bati. Watu usiwachore. Mtu mdogo aliyechorwa vibaya anaiba macho yote kutoka kwenye mlima mzuri.

7. Miti, bila jani hata moja

Hapa ndipo wengi wanapozama. Wanaanza na shina, kisha tawi, kisha jani, na jioni inawakuta kwenye jani la arobaini. Wewe anza na kivuli.

Kwanza kijani chako. Kile cha kwenye chupa kikitumika peke yake kinapiga kelele za plastiki. Changanya njano na nyeusi: utapata kijani cha zeituni ambacho hukutarajia kukipata, cha miti yenye vumbi la kiangazi. Kikizidi ukali, tia chembe ya nyekundu, kitatulia.

Chukua sponji, ichovye kwenye kijani kilichokolea sana, ugonge umbo la mti mzima. Mwembe ni bonge la mviringo lililolemea. Mgunga ni bapa juu, mwembamba chini. Mkaratusi ni mrefu wenye mafungu ya majani yaliyotengana. Ikikauka, gonga kijani cha kati upande wa jua, kisha kijani chenye njano sehemu chache za juu tu. Acha matundu ambamo anga linaonekana. Ukiyasahau, yarudishe kwa ncha ya brashi yenye bluu. Mti usio na matundu ni jabali. Mwisho kabisa ndipo uchomeke shina na vipande viwili vitatu vya matawi vinavyoonekana ndani ya matundu hayo. Leonardo alikwisha kukuwekea kipimo: matawi yote ya kimo kimoja ukiyakusanya yanalingana na unene wa shina. Kwa lugha ya kazi, kila tawi likigawanyika, wembamba uongezeke. Usivunje kanuni hiyo na mti wako utasimama.

Mgomba nao usikutishe. Jani lake huchanwa na upepo, basi buruta brashi pana kwa mkupuo mmoja kisha lichane kwa kucha. Sam Ntiro, Mchagga aliyefundishwa Makerere na Margaret Trowell, na baadaye akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London, alichora miteremko ya kwao kwa maumbo machache ya miti yanayorudiwarudiwa, na picha yake ya watu wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku iko kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York. Hakuna anayeidai majani.

Ukikwama usijue mti uuweke wapi, fumba macho nusu na uruhusu doa likuongoze. Alexander Cozens, mwalimu wa uchoraji wa London, alitoa kitabu kizima miaka ya 1780 akifundisha kupaka madoa ya wino haraka bila kupanga, kisha kutafuta ndani yake vilima na vichaka. Doa lililokudondokea kwa bahati mbaya upande wa kulia ni kichaka. Lipe kivuli, lipe mwanga kidogo, songa mbele.

Na mti mkubwa kuliko wote uuweke mbele, pembeni, ukikatwa na ukingo wa ubao. Unafanya milima nyuma yake irudi mbali, na unafunika kona iliyokushinda. Kila picha ina kona iliyoshinda. Ndiyo maana miti mikubwa inapenda kuota pembeni.

8. Acha

Simama hatua sita nyuma. Itazame picha kupitia kioo cha kujitazamia. Ikigeuzwa kushoto kuwa kulia, mlima ulioinama utajisema wenyewe. Rekebisha kitu kimoja. Kisha osha brashi zote ili usipate ya kushika.

Kama hukuridhika, chora tena, maana ile ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Bob Ross, Mmarekani aliyechora milima na misonobari kwenye televisheni kuanzia 1983 hadi 1994, alimaliza picha nzima karibu kila kipindi ndani ya nusu saa, na vipindi vilikuwa 403. Watu walishangaa. Alikuwa amekwisha kuichora picha ile ile kabla, na aliiweka karibu akiitazama nje ya kamera. Nawe jaribu kwanza kwenye kipande cha boksi. Boksi likae chini ya kitanda.

9. Sebuleni

Fremu inunue nzuri kuliko unavyodhani picha inastahili. Jina lako liandike chini kulia, dogo, kwa rangi iliyomo tayari kwenye mlima, ili anayelitafuta ainame. Mtu aliyeinama mbele ya picha amekwisha kuiheshimu. Itundike ukutani juu ya kochi. Kochi linamzuia mgeni kusogea karibu, na kwa umbali wa hatua tatu madoa yako yote ni misitu.

Ipe jina la mahali, tena mahali mahususi: si "Mlima", bali "Uluguru Asubuhi, Kutoka Mjini". Mgeni akiwa mtu wa huko, muulize njia ile inakwenda wapi. Atakuambia, atakuonyesha kwa kidole na nyumba ya shangazi yake, na kuanzia hapo picha ni yake kama ilivyo yako. Usimwonyeshe kosa lolote. Ukitaja kosa moja, hataona kingine maisha yake yote. Akikuuliza ilikuchukua muda gani, mjibu kwamba anga peke yake lililala usiku mzima, jambo ambalo ni kweli, hata kama lilikauka mapema. Akikuuliza bei, taja, kisha unyamaze.

Akitokea wa pili anayetaka kama hiyo hiyo, hamisha mti mkubwa kutoka kulia uende kushoto, shusha wingu kidogo, upe mlima jioni badala ya asubuhi, na umpe keshokutwa. Usimpe kesho. Akipewa kesho ataomba apunguziwe.